Mlio wa Injini Baridi

Shemeji yake alipoleta ile pikapu kwa mara ya tatu, fundi alitamani kuingia chini ya gari lolote lililokuwa karibu na kubaki huko mpaka jioni.

Haikuwa kawaida yake kukimbia mteja. Mtaa mzima ulimwita Sikio, na jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa masikio. Aliweza kuwa amekaa anakunywa chai yake, lori likapita barabarani, naye akasema bila hata kugeuka, "Beringi ya nyuma, kushoto, haimalizi wiki," na kweli wiki haikuisha. Alikuwa na masharti yake pia. Mteja hakuruhusiwa kueleza. Ukianza tu, "Fundi, hili gari nikipanda mlima," alikunyamazisha kwa kiganja. "Washa. Nitasikia mwenyewe." Watu walipenda sana kumtazama akifanya hivyo na yeye, tuseme ukweli, alipenda sana kutazamwa.

Sasa pikapu ya muuza mayai, mume wa dada yake, gari kuukuu lililobabuka rangi na kufungwa mlango wa nyuma kwa kamba, ilikuwa imemwaibisha mara mbili mbele ya gereji nzima.

"Shemeji, bado linagonga," alisema muuza mayai huku akishuka. Kiwiko chake cha upande wa dirisha kilikuwa kimeungua jua kuliko kile kingine, kwa kuwa hakuendesha hata siku moja bila kukitoa nje.

"Zima, kisha uwashe tena."

Injini ikaitika mara moja, laini kama cherehani iliyotiwa mafuta. Sikio akaegemeza mpini wa bisibisi ndefu sikioni, ncha akaiweka juu ya mfuniko wa vali, akafumba macho. Hakusikia kitu. Akahamia kwenye pampu ya mafuta, akahamia kwenye dinamo, akarudi kwenye vali. Kote kulikuwa shwari. Jasho likamtoka kwapani na jua lenyewe lilikuwa bado halijawa kali.

"Mbona silisikii?"

"Asubuhi linasikika hadi kwa jirani. Tak-tak-tak-tak, kama mtu anagonga kikombe kwa kijiko. Likifika kwako linapata adabu." Shemeji akawageukia mafundi wengine waliokuwa wamesogea kusikiliza. "Jamani, huyu tumbadilishe jina. Tumwite Pua."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Sikio alicheka nao, cheko la meno tu. Mara ya kwanza alikuwa amefungua mfuniko na kurekebisha tapeti zote nane, vile vyuma vinavyosukuma vali. Mara ya pili alizirekebisha tena, kisha akamwaga oili na kuweka nzito zaidi, kitu ambacho angemcheka fundi mwingine kwa kukifanya. Kila mara gari liliondoka kimya, na kila mara kesho yake asubuhi mlio ulikuwa umerudi kazini kabla ya mwenye gari.

"Dada hajambo?" aliuliza, apate kubadilisha mazungumzo.

Uso wa shemeji ukafunguka wote. "Bado anatapika!" alisema kwa furaha, kama mtu anayetangaza harusi. Halafu akashusha sauti. "Jana mara mbili. Leo hata chai haikukaa. Kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu. Ijumaa tunampeleka kliniki wamwandikishe. Mama kaniambia nisimwache hata dakika moja."

Sikio akampiga bega. Miaka minane. Dada yake, ambaye nyumbani kwao walimwita Mziwanda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, alikuwa ameishi miaka minane katika nyumba ya mama mkwe asiyemtaja kwa jina wala kwa cheo. "Huyo wa ndani amepika?" "Mwambieni huyo wa ndani nimerudi." Mwaka jana bibi huyo alifikia kumuuliza mwanawe, mezani, huku Mziwanda akipakua chakula, kama hajachoka kulima shamba lisiloota. Tangu kutapika kulipoanza, miezi miwili sasa, anamwita mwanangu. Anamwekea mto mgongoni. Sikio alikuwa ameshuhudia mwenyewe na ilibaki kidogo alie.

"Nenda," akamwambia shemeji. "Nitalifikiria."

Alilifikiria mpaka likamkosesha raha. Mchana alikata gasketi mara mbili, zote mbili zikatoka kombo. Alimjibu mteja mmoja vibaya, kisha akamfuata barabarani kumwomba radhi. Wakati wa chakula cha jioni mkewe akamwondolea sahani mbele yake.

"Nilikuwa sijamaliza."

"Ulikuwa huli. Unaigonga tu. Tak-tak-tak, tangu umekaa. Hilo gari lina nini ambacho mimi sina?"

Hapo ndipo akajiuliza swali ambalo fundi mwanafunzi angeuliza siku ya kwanza: kwa nini asubuhi? Shemeji alilelewa na baba dereva wa malori aliyemfundisha kwamba kuondoka na injini baridi ni kuitukana. Hathubutu kuitoa pikapu nyumbani kabla haijanguruma dakika ishirini. Na kwa fundi, kwa heshima, huenda akaiongezea kumi. Sikio hakuwahi kuisikia injini ile ikiwa baridi hata mara moja. Angemwachia mtu wa watu aeleze sentensi tatu tu, angejua. Alijitukana kimoyomoyo, akamwomba mkewe sahani yake, na bado hakula.

Kulipopambazuka alikuwa tayari yuko njiani, kwa miguu, bisibisi mfukoni na kipande cha mpira wa maji begani. Kulikuwa na baridi. Nyumba ya shemeji ilikuwa na ua mdogo uliozungushiwa ukuta na kuezekwa mabati pande zote ili mayai yasipigwe jua, na ndani ya ua huo pikapu ilijaa vilivyo, ukitaka kupita lazima ujibane. Nyuma ya nyumba kuku walikuwa wameshaanza kelele zao.

Mziwanda alimfungulia geti. Alikuwa na kanga mbili mabegani na mashavu yamemwingia ndani.

"Kaka! Kuna usalama?"

"Usalama upo. Nimekuja kulisikia hili jini lenu kabla halijavaa adabu."

Alidhani angecheka. Badala yake alitazama pikapu, akamtazama yeye. "Leo? Si ungengoja liletwe gereji, kaka. Unajisumbua bure."

"Limenisumbua kutosha huko gereji."

Shemeji akatokea na trei nne za mayai zilizopandana hadi kidevuni. "Karibu, Pua!" Akazipanga moja moja nyuma ya gari, taratibu mno, akitia makaratasi katikati. "Mama kijacho, washa. Vuta choki, na ukanyage mafuta kidogo lisizime. Na ufunge kioo, baridi isikuingie." Akarudi bandani kuchukua nyingine. Kazi hiyo, Sikio alijua, haifanywi haraka na mtu anayependa mayai yake.

Mziwanda akapanda upande wa dereva, akafunga mlango, akapandisha kioo mpaka juu. Akavuta choki ya kuipa injini baridi petroli zaidi. Akawasha.

Tak-tak-tak-tak-tak.

Sikio alisisimka mwili mzima. Furaha ilimpanda kichwani, alikuwa amelinasa. Akafungua boneti na kusikiliza kwa makini. Mlio ulifuata mwendo wa injini, ukikimbia dada yake akikanyaga mafuta. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza: tak-tak ikaendelea. Wa pili na wa tatu, vilevile. Alipochomoa wa nne, ule wa mwisho karibu na dereva, injini ikayumba na mlio ukakatika kabisa. Akaurudisha, ukarudi. Silinda ya nne, basi. Lakini si vali. Vali hugonga kwa sauti kavu ya chuma, na hii ilikuwa na pumzi ndani yake. Akatia ncha ya mpira sikioni, ile ncha nyingine akaitembeza polepole kuelekea pale bomba la eksozi linaposhikana na injini. Alipofika kwenye silinda ya nne, upepo wa moto ulimpiga sikioni, pu-pu-pu-pu, akaruka nyuma.

Akainama kutazama. Masizi meusi yalikuwa yametapakaa juu ya chuma, na katikati ya masizi kulikuwa na tundu la boliti bila boliti.

Furaha ikamwisha palepale. Alilijua tundu lile. Mwaka jana, akibadilisha gasketi ya eksozi, boliti ya mwisho ilimkatikia ndani. Kuitoa kungemlazimu kufungua kichwa cha injini, kazi ya siku mbili, na shemeji alikuwa amesimama pale na mayai yake yanangoja. Sikio alizikaza zile tatu kwa nguvu zote, akafunga boneti, akasema, "Tayari." Tatu zitashika, alijiambia. Hakumwambia mtu. Na katika mara zote za kupita na bisibisi sikioni, alipita kila mahali isipokuwa hapo. Chuma kikipata moto hututumka na kuziba ufa. Kikiwa baridi moshi unatoka wazi, na injini yenye choki hutoa moshi mbaya kuliko wote.

Unatoka, unakwenda wapi? Alifuata masizi kwa macho. Yalipanda ukuta wa nyuma ya injini mpaka kwenye mti wa usukani unaopenya kuingia ndani ya gari, na mpira wa kuziba tundu la mti ule ulikuwa umeoza wote. Ng'ambo ya tundu kulikuwa na miguu ya dada yake.

Alizungukia mlangoni akiwa hajui amezunguka vipi. Mziwanda alikuwa ameegemea kioo kilichofungwa, macho nusu, mguu bado umekanyaga mafuta. Sikio akafungua mlango, akamshika kwapani, akamtoa nje kama mtoto, kisha akazima ufunguo. Ua ukawa kimya mpaka wakasikia kuku.

"Kuna nini huko?" shemeji aliita kutoka bandani.

"Naangalia plagi! Panga mayai yako!" Akamvuta dada yake hadi getini penye hewa na kumkalisha juu ya kreti. "Sikiliza. Huu moshi unaingia ndani. Kila asubuhi unauvuta. Mtu analala nao asiamke, unanielewa? Kichwa, kizunguzungu, kutapika, vyote ni..."

Akakwama. Neno lilikuwa limefika mdomoni kabla hajaona linakokwenda. Kama kutapika ni moshi, basi ni miezi miwili ya moshi. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Maliza," alisema Mziwanda.

"Labda vyote viwili," alisema Sikio. "Labda una mimba na moshi juu yake."

"Sina mimba, kaka."

Alisema bila kulia. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Mwanzoni niliamini kweli. Nilichelewa, nikaanza kutapika, mama mkwe akaniona. Siku hiyo hiyo akaniita mwanangu. Wiki ya pili nikaziona siku zangu. Nilifua usiku, nikaanika ndani. Halafu nikagundua Jumapili, tusipotoka na mayai, sitapiki. Kichwa hakiniumi. Jumatatu nikikaa humu, natapika." Akaitazama pikapu. "Sikujua ni moshi. Nilijua ni gari. Basi nikawa nakaa. Nafunga vioo vizuri, nakanyaga mafuta, nikishuka natapika pale chini ya dirisha la mama mkwe, ili asikie."

 Sikio alitaka kumkaripia, na alitaka kumkumbatia, na alichoweza kufanya ni kuinuka, kukaa, na kuinuka tena.

"Unajua ungekufa?"

"Sasa najua. Umesema unaua." Mziwanda akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi sana. "Basi kaka, sema huo moshi umemuua mtoto. Wewe ni fundi, watakuamini. Sema moshi umeitoa mimba. Mtu aliyepoteza mimba wanamhurumia, hawamfukuzi. Nakuomba. Kliniki siwezi kwenda."

Alimwelewa vizuri kabisa. Watu wangeuliza moshi ulitoka wapi, naye angejibu ulitoka kwenye boliti niliyoiacha mimi. Angekuwa fundi aliyemtoa dada yake mimba, na hilo lingezunguka gereji zote kabla ya saa sita mchana. Alifikiri habari ya jina lake kwa muda mfupi tu, na aliona aibu hata kwa muda huo. Boliti ilikuwa yake kweli. Moshi ulikuwa wake kweli. Kilichobaki kingekuwa uongo mdogo wa juu.

Shemeji akaja na trei za mwisho. "Mbona mmezima? Umelipata?"

"Nimelipata. Weka hayo mayai chini." Sikio akasimama wima mbele yake. "Ni mimi, shemeji. Mwaka jana boliti ilinikatikia, nikarudisha tatu badala ya nne, nikanyamaza. Moshi wa eksozi unavuja, unaingia pale anapokaa mkeo. Ndio uliokuwa unamuumiza."

Shemeji alitazama pikapu, akamtazama mkewe, na swali lake lilikuwa moja.

"Na mtoto?"

Sikio aliigeukia ile injini. "Moshi wa namna hii, mimba changa haiwezi. Nisamehe."

Alingoja ngumi. Alikuwa ameshaupanga uso wake kuipokea. Lakini muuza mayai hakumgusa. Aliziweka trei chini pole pole, kwa mazoea, akaenda mpaka kwenye mlango wa dereva uliokuwa wazi, akashika kile kiti.

"Mimi ndiye niliyemkalisha hapa," alisema. "Kila siku namwambia funga kioo, baridi isikuingie. Kwa mdomo wangu." Akakaa kwenye kikanyagio cha mlango, akafunika uso kwa mikono yake miwili. "Nimemuua mwanangu kwa mikono yangu. Mungu wangu, miaka minane, halafu mimi mwenyewe."

Sikio alifungua mdomo aseme ni boliti, si wewe, ni boliti, lakini Mziwanda alikuwa ameshainuka. Alipita katikati ya trei akiwa hana habari nazo na kuchuchumaa mbele ya mumewe.

"Nyamaza. Nyamaza, baba. Hakuna mtoto. Hakukuwa na mtoto. Kaka anadanganya, nimemwomba mimi."

Akamweleza. Alimweleza yote, siku zake, Jumapili, dirisha, sauti ikiwa chini lakini haikusita. Sikio alitazama ukuta. Angetoka nje kama geti lisingepiga kelele. Mziwanda akamaliza. Shemeji akageuka kukitazama kiti, na pedali, na kioo kilichopandishwa mpaka juu.

"Ulikuwa unaingia humu kila siku unajua linakuumiza?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya mama?"

"Na wewe," alisema Mziwanda. "Na wewe ulikuwa unafurahi sana."

Muuza mayai alimshika mkewe kichwa kwa mikono miwili, akamkazia macho kama anatafuta mahali palipovunjika. Alikuwa analia waziwazi, na hakujali shemeji yake yupo.

"Ungekufa humu ndani," alisema, "na mimi napanga mayai."

Kutoka ndani ya nyumba ikasikika sauti ya bibi, ikiuliza kwa nini gari limezimwa na kama "mwanangu" ameshakunywa uji au bado. Mziwanda alishtuka na kutaka kujibu. Mumewe akamzuia. Akasimama, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akamwinua na yeye.

"Twende kwa mama. Nitasema mimi. Wewe simama karibu yangu tu."

Wakaingia. Sikio akabaki uani na injini iliyo wazi. Kwa mara ya kwanza maishani hakutaka kusikia kitu chochote, lakini dirisha lilikuwa palepale juu yake. Alisikia sauti ya shemeji, ndefu, ya chini. Alisikia bibi akianza, sauti ikipanda, "Yaani miezi miwili yote huyo wa ndani..."

"Mama," ilisema sauti ya shemeji, "ana jina."

 Sikio akaokota spana namba kumi na mbili, akainama juu ya eksozi, akaanza kufungua boliti ya kwanza kati ya zile tatu.